Hati ya Mzigo wa Neno Vila

Jumanne, tarehe tisa Machi. Asubuhi hiyo mvua ilinyesha tangu alfajiri, mvua nene isiyo na haraka, ingawa Redio ya Taifa ilikuwa imetangaza jua. Katika nchi hiyo, ambayo haitajwi jina kwa sababu jina lake bado linajadiliwa bungeni, tangazo la redio lilikuwa na nguvu ya sheria. Kwa hiyo watumishi wa umma walikwenda kazini wamevaa miwani ya jua, maji yakiwatiririka shingoni, wakawa wanasalimiana njiani: "Joto la leo, ndugu yangu!" "Acha tu, tutaungua!"

Bi Eufrasia Nandonde, mfuaji wa nguo katika nyumba ya shamba ya Waziri wa Utulivu na Mandhari, naye alitii. Alianika mashuka kumi na mawili ya Mheshimiwa kwenye kamba, akayabana vizuri kwa vibanio, akasimama kando kuyatazama yakilowa.

"Dada Eufrasia," aliita Athumani Lipukila, mtunza bustani, "hayo mashuka unayaanika au unayasuuza?"

"Nafuata redio, kaka. Na wewe mbona unamwagilia maua katikati ya mvua?"

"Redio imesema kiangazi," Athumani akajibu, akainamisha ndoo yake.

Eufrasia akageuka upande na kuomba kimoyomoyo, "Bwana, nisaidie nisicheke mbele ya dirisha la Mheshimiwa." Alikuwa mtu wa sala. Aliomba kabla ya kuloweka nguo na baada ya kukamua, na kila alipopata swali asiloliweza alilipeleka mbinguni kwanza, kisha ndipo akalipeleka kwa watu. Kwa miaka mitatu alikuwa akisoma katika madarasa ya jioni. Alianza akiwa na umri wa miaka hamsini na nne, hajui hata irabu. Sala yake ya kila siku ilikuwa hii: "Bwana, nijalie siku moja niletewe barua, niisome mwenyewe, nisimwombe mtu."

Mungu alimjibu Jumanne hiyo, saa tatu na robo. Tarishi alifika na bahasha kumi na moja, moja kwa kila nyumba iliyokuwa nyuma ya makazi ya Waziri. Eufrasia aliifungua ya kwake kwa mikono iliyolowa, akaisoma yote, polepole, kwa kidole, bila kumwomba mtu.

"Kwa heshima na taadhima," ilisema barua, "unaarifiwa kuwa nyumba yako ni sehemu ya mandhari isiyoridhisha. Kwa kuwa Mheshimiwa Waziri atapokea Neno siku ya Jumamosi, nyumba zote kumi na moja zitabomolewa mara baada ya vinywaji baridi. Unakaribishwa kuhudhuria. Vazi: nadhifu."

Aliirudia mara tatu, akitumaini kwamba amekosea kusoma. Hakuwa amekosea. Mwalimu wake alikuwa amemfundisha vizuri mno.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba viwili na ukumbi. Marehemu mumewe aliijenga kwa tofali za kuchoma, na yeye Eufrasia aliziba nyufa zake kila mwaka kabla ya masika. Hakuwa na nyingine popote chini ya jua, wala chini ya mvua.

* * *

Hapa inabidi ielezwe namna nchi hiyo ilivyokuwa ikipokea maneno.

Zamani watu waliagiza maneno ya kigeni ovyo ovyo. Kisha serikali ikaagiza neno demokrasia. Lilifika kwa sherehe kubwa, likafunguliwa, likakutwa ganda tupu. Wataalamu walitafuta kilichokuwa ndani kwa muda wa miaka kumi na minane bila mafanikio. Tangu hapo ikaundwa Forodha ya Maneno, na sheria yake ilikuwa na vifungu vitatu tu, jambo la ajabu katika nchi ambayo sheria ya kufuga bata ilikuwa na kurasa mia tisa.

Kifungu cha kwanza: kila neno la kigeni litafuatana na Hati ya Mzigo, yaani orodha ya yote ambayo neno limebeba tangu lilipozaliwa, nayo itasomwa hadharani na mtu mwenye cheti cha lugha lilikotoka. Cha pili: mpokeaji atapokea mzigo wote, na kila kitu kilichomo atakijaribu mwenyewe mbele ya mashahidi. Cha tatu: akikijaribu kitu na asikitake, anaweza kukikataa kwa njia moja tu, nayo ni kutoa ahadi kwa sauti, mbele ya wale ambao kitu hicho kingewagusa.

Mwaka uliopita, Waziri wa Madaraja alijipokelea neno shato, yaani kasri, kutoka Ufaransa, kwa ajili ya nyumba yake ya shamba. Ndani ya hati mlikuwa na handaki la maji la kuizunguka nyumba. Alilijaribu kwa kuogelea, akapigwa picha, akalipenda. Mpaka leo wageni wake huvuka kwa kukaa ndani ya karai, wakivutwa kwa kamba, maana daraja halikuwemo kwenye bajeti ya Waziri wa Madaraja. Lakini mlangoni pake paliandikwa SHATO kwa herufi za dhahabu, na kila alipokutana na mwenzake wa Utulivu na Mandhari alimuuliza kwa upole, "Vipi, ndugu yangu, bado unakaa kwenye nyumba?"

Mheshimiwa Polikarpo Ndimbwelu, Waziri wa Utulivu na Mandhari, hakulala vizuri tangu aulizwe hivyo. Akatuma tume ya watu ishirini kuzunguka Ulaya kumtafutia neno kubwa kuliko shato. Walizunguka miezi saba, wakarudi wamenenepa, na neno moja: vila.

"La Warumi, Mheshimiwa," alisema mwenyekiti wa tume. "Warumi wenyewe. Hawa Wafaransa ni watoto tu."

* * *

Jumatano Eufrasia aliitwa sebuleni. Alivua kandambili mlangoni, akasimama kwenye ukingo wa zulia.

Mheshimiwa Ndimbwelu alikuwa kwenye kiti, na kando yake alisimama Bwana Hamduni Shekuwe, Afisa wa Forodha ya Maneno, mtu mwembamba ambaye hakuwahi kutabasamu akiwa kazini na ambaye alikuwa kazini muda wote.

"Mama," alisema Waziri, "naambiwa una cheti cha Kilatini."

"Ninacho, Mheshimiwa. Cha hatua ya kwanza."

Jambo hilo lilikuwa kweli, na sababu yake ilikuwa ya kiserikali kabisa. Madarasa ya jioni yalipoomba vitabu vya hesabu, wizara ilileta nakala arobaini za sarufi ya Kilatini, kwa kuwa ndizo zilizokuwa ghalani. Mwalimu Telesfori, aliyewahi kusoma seminari, akasema hasara gani, tusome. Watu thelathini na tisa waliacha. Eufrasia alibaki, kwa sababu bibi yake alikuwa akisali kwa Kilatini bila kukielewa, naye alitaka kujua bibi alikuwa akimwambia Mungu kitu gani.

"Samahani, Mheshimiwa," Eufrasia akasema, "mbona asisome Mwalimu Telesfori? Yeye ana shahada."

"Shahada yake tumeikagua," alijibu Bwana Hamduni. "Imeandikwa kwa Kilatini. Ofisi nzima hakuna aliyeweza kuisoma, kwa hiyo hatuwezi kuthibitisha kwamba anakijua. Cheti chako kimeandikwa Kiswahili, kinasomeka. Wewe ndiye msomaji halali pekee katika jamhuri hii."

Eufrasia akajipa moyo. "Mheshimiwa, nimepata barua. Nyumba zetu…"

"Barua nzuri, sivyo? Niliiandika mwenyewe."

"Tuna watoto na wazee, Mheshimiwa. Watu wa nyumba kumi na moja. Tutakwenda wapi?"

"Nje ya mandhari," alisema Waziri kwa huruma kubwa. "Mama, elewa. Mtu anasimama kwenye roshani ya vila, anatazama, anaona nini? Kamba za nguo! Mrumi angevumilia?"

"Sijui, Mheshimiwa. Hatujafika huko kwenye kitabu."

"Hiyo hati mama akimaliza kuiandika, utaipitia kwanza, Mheshimiwa?" Bwana Hamduni aliuliza.

Waziri alicheka. "Mimi nisome? Waziri hasomi, Bwana Hamduni. Waziri husomewa."

* * *

Alhamisi jioni Mwalimu Telesfori alifungua vitabu vyake vyote viwili, akaanza kueleza, na Eufrasia akaandika. Athumani alikuja naye, akakaa dawati la nyuma, kwa kuwa alisema mtu anayebomolewa ana haki ya kujua anabomolewa na neno gani.

"Vila," alisema Mwalimu, "kwa Warumi ilikuwa nyumba iliyo nje ya mji, pamoja na shamba lake. Si nyumba tupu. Ziko zilizokuwa karibu na mji, tajiri akienda kupumzika. Lakini iliyokomaa ilikuwa na sehemu tatu: sehemu ya bwana, sehemu ya watenda kazi na mifugo, na sehemu ya maghala, ya mvinyo na mafuta na nafaka. Zote mahali pamoja."

"Pamoja?" Eufrasia aliinua kalamu. "Watenda kazi walikaa humohumo?"

"Humohumo. Jiko kubwa katikati, waote moto na kupumzika. Hata bafu, siku za sikukuu walioga."

Eufrasia akapiga ishara ya msalaba. "Asante, Bwana. Kaka Athumani, umesikia? Nyumba zetu zimo ndani ya neno!"

"Nimesikia. Endelea, Mwalimu, mbona umenyamaza?"

Mwalimu Telesfori alikuwa akisafisha miwani yake, jambo alilolifanya kila alipofika kwenye habari mbaya. "Watenda kazi hao walikuwa watumwa. Waliokaidi walifungwa minyororo, wakalazwa kwenye chumba chini ya ardhi. Kina vidirisha vyembamba, vilivyo juu sana ili mkono usivifikie. Nacho ni sehemu ya vila."

Eufrasia aliandika, na Mwalimu akaendelea.

"Baadaye Roma ikaanguka. Mabwana wakaondoka, watu wakabaki. Palepale pakawa kijiji. Nchi nyingi za Ulaya neno lao la kijiji au mji limetoka humo. Na aliyekaa hapo akaitwa mtu wa vila, jina ambalo wakubwa waliligeuza polepole, mpaka kwa Waingereza likawa maana yake mtu mwovu."

"Ehe!" Athumani akapiga dawati. "Tunalima sisi, wanakula wao, halafu waovu ni sisi! Hao Warumi hawakuwahi kufika hapa kweli?"

Lakini Eufrasia hakucheka. Alikuwa akitazama mstari aliouandika punde tu. "Mwalimu, hiki chumba cha chini. Nacho nikisome?"

"Ukikisoma, Mheshimiwa atakitaka. Namjua." Mwalimu alivaa miwani. "Ukikiruka… nani atajua? Nchi hii wanaojua Kilatini ni mimi na wewe."

"Na Mungu," alisema Eufrasia.

"Na Mungu," alikubali Mwalimu, kwa unyonge.

Njiani Athumani alimwandama. "Dada, mimi nakuheshimu. Lakini utatusomea tufungwe? Ruka mstari mmoja! Mbona redio inaruka mvua nzima?"

"Ndiyo maana mashuka hayajakauka mpaka leo, kaka."

Alfajiri ya Ijumaa alipiga magoti juu ya gunia, katika chumba ambacho huenda kesho yake kisingekuwepo. "Bwana," alisema, "nilikuomba kusoma, ukanipa. Hukunipa nichague cha kusoma. Nikiongopa nitaokoa nyumba, labda. Nikisema kweli sijui itakuwaje. Wewe unajua. Basi mimi nitasoma, yaliyobaki shika Wewe. Na tafadhali, Bwana, ushike upesi, maana tingatinga limeshafika." Kwa mbali alimsikia Athumani kwake akimaliza swala yake ya alfajiri, naye dua yake ilikuwa ndefu kuliko kawaida.

* * *

Jumamosi redio ilitangaza mawingu, na jua likawaka vibaya sana. Wageni walikuja na makoti ya mvua. Mahema yalifungwa kwenye nyasi za mbele, bendi ya polisi ilipiga wimbo wa taifa mara mbili kwa kuwa mara ya kwanza Waziri alikuwa bado anavaa, na nyuma ya nyumba, mbele ya kuta za Eufrasia, tingatinga la manjano lilisimama likinguruma. Dereva alikuwa ameamriwa asilizime, ili shughuli isichelewe.

Mheshimiwa Ndimbwelu alitokea akiwa amejifunga shuka jeupe kwa mtindo wa Kirumi. Shuka lilikuwa bado bichi. Alipanda jukwaani na kuhutubia kwa saa moja na nusu.

"Ndugu wananchi! Kuna mataifa yenye nyumba, na kuna mataifa yenye vila! Mimi kama mimi sikuhitaji. Ningeweza kuendelea kukaa kwenye nyumba, kama mtu yeyote! Lakini nilijiuliza: taifa litasemaje? Nikaona nijitoe mhanga. Leo ninapokea neno hili, si kwa niaba yangu, bali kwa niaba ya roshani yangu, ambayo ni roshani yenu, ingawa hamruhusiwi kupanda!"

Makofi. Lori likarudi kinyumenyume, likashusha kreti. Ndani mlikuwa na herufi tano za mbao, VILLA kwa mwandiko wa Kirumi, ndefu kama milango. Bwana Hamduni alizihesabu, akagonga mhuri kwenye kila moja, kisha akamwita msomaji.

Eufrasia alipanda na karatasi zake. Kwa desturi ya Forodha, mzigo wa nyumba husomwa kuanzia paani kwenda chini. Akasoma: "Nyumba iliyo nje ya mji, ambamo bwana hupumzika."

"Jaribu," alisema Bwana Hamduni.

Waziri alikaa kwenye kiti chenye matakia, akafumba macho, akakoroma mara moja. Mhuri.

"Bafu la maji moto. Watenda kazi nao huoga humo siku za sikukuu."

Waziri akafumbua jicho moja. "Sikukuu tunazo ngapi kwa mwaka?"

"Mia moja na arobaini na mbili," alijibu Bwana Hamduni. "Tukihesabu siku za kuzaliwa za mawaziri."

Waziri alikumbuka karai la mwenzake aliyekaa mstari wa mbele akitabasamu, akasema, "Waoge." Mhuri.

"Sehemu ya watenda kazi na mifugo, ndani ya vila hiyohiyo, na jiko kubwa lenye moto."

Nyuma ya mahema watu wa nyumba kumi na moja walisogeleana. Athumani alimbana mkono jirani yake. Waziri alinyanyuka.

"Ndani ya vila? Hawa?"

"Mzigo wote, Mheshimiwa," alisema Bwana Hamduni. "Au neno lirudi Roma."

"Haliendi popote! Sawa. Wakae ndani. Pa kuwaweka nitapatafuta, lakini zile nyumba zinabomolewa palepale! Sehemu ya watenda kazi si lazima iwe nyumba zao!" Alijipongeza kwa macho. Tingatinga lilinguruma kwa kukubali.

Eufrasia akapangusa jasho, akasoma ya maghala na ya jina baya la mtu wa vila, yakajaribiwa na kupigwa mihuri, kisha akasoma mstari uliofuata. "Mabwana waliondoka, waliobaki wakawa kijiji."

"Waliondoka kwenda wapi?" Waziri aliuliza.

"Haijaandikwa, Mheshimiwa."

"Jaribu," alisema Bwana Hamduni.

"Nijaribu nini?"

"Kuondoka."

Waziri alishuka jukwaani, akakusanya shuka lake, akatembea hadi getini, akatoka. Na hapo wananchi walipiga makofi ambayo hayajawahi kusikika tangu uhuru. Vigelegele vilipigwa. Bendi, bila kuamriwa, ilipiga wimbo wa kuagana. Bibi mmoja alitupa kitambaa chake juu. Makofi yaliendelea hadi Waziri alipochungulia tena getini kuuliza kama jaribio limetosha, ndipo yakakatika ghafla kana kwamba mtu amefunga bomba.

"Limefaulu sana," alisema Bwana Hamduni, akagonga mhuri.

Ukabaki mstari mmoja. Eufrasia alimtazama Mwalimu Telesfori, aliyekuwa akisafisha miwani. Alimtazama Athumani, aliyetikisa kichwa kidogo: usisome. Akatazama juu. Kisha akasoma, tena kwa sauti kuliko mistari yote: "Chumba chini ya ardhi, chenye dirisha dogo lililo juu, mkono usilifikie. Humo hufungwa watenda kazi."

Uso wa Waziri ulichanua kama ua la Athumani.

"Hapo! Hapo sasa! Ndugu wananchi, mnaona hekima ya Warumi? Chini ya jiko langu ipo stoo ya mkaa. Ina kidirisha. Hawa wote kumi na moja na familia zao wataingia humo, wamo ndani ya vila, sheria imetimia, na roshani haioni hata kamba moja! Mama Eufrasia, hongera, umesoma vizuri!"

"Ya Rabi," alisema Athumani.

"Watakaa humo muda gani, Mheshimiwa?" aliuliza Bwana Hamduni, kalamu mkononi.

"Daima!" alinguruma Waziri, mkono juu, kamera zikimmulika. "Daima na milele!"

Bwana Hamduni aliandika: daima na milele. "Basi, jaribu."

Waziri aliteremka ngazi za stoo kwa furaha, akimpungia mkono Waziri wa Madaraja. Bwana Hamduni alifunga mlango, akapitisha komeo, akabandika lakiri ya Forodha. Watu walikwenda kusimama upande wa nyuma, ambako kidirisha kilichomoza kidogo juu ya ardhi. Dakika moja ikapita.

"Vizuri!" ilisikika sauti ya Waziri kutoka chini. "Kinafaa! Fungueni."

"Bado, Mheshimiwa," alisema Bwana Hamduni. "Kitu hujaribiwa kwa muda uleule utakaotumiwa na mwingine. Handaki la mwenzako lilikuwa la kuogelea kidogo, akaogelea kidogo. Wewe umetaja muda."

"Muda gani?"

Bwana Hamduni akasoma karatasi. "Daima na milele."

 Hata bendi iliacha kunong'ona.

"Bwana Hamduni," ilisema sauti, "mimi ni Waziri."

"Nakujua, Mheshimiwa. Jina lako nimeliandika juu ya fomu."

"Hebu mfungulie, baba," Eufrasia alisema kwa huruma ya kweli. "Mtu mzima, na kuna vumbi la mkaa."

"Sheria si yangu, mama. Akikikataa hicho chumba atatoka sasa hivi, na njia ya kukikataa ni ahadi. Kwa sauti. Mbele ya mliokuwa mfungwe."

Watu wa nyumba kumi na moja wakasogea mbele, wakajaza nafasi yote ya kidirisha. Tingatinga lilikuwa hapohapo, na moshi wake mweusi ulikuwa ukiteremka polepole ndani ya stoo.

"Zimeni hilo dude!" Waziri alikohoa. "Linaniua!"

"Nizime, Mheshimiwa?" dereva aliuliza. "Amri ilisema lisizimwe mpaka nyumba ziishe."

"Zima, nimesema!"

Dereva akazima. Ukimya uliofuata ulikuwa mtamu kiasi kwamba watu wawili walikaa chini.

"Haya!" ilisema sauti. "Andika ahadi. Kwa kuzingatia mchakato shirikishi, na kwa kadiri ya upatikanaji wa mazingira wezeshi, serikali yangu italitazama suala hili kwa jicho la…"

"Fomu ina mistari miwili tu," alisema Bwana Hamduni.

"Mheshimiwa, sauti haifiki!" Athumani aliita, mikono kiunoni. "Sisi watu wa nje ya mandhari tunasikia kwa shida!"

Eufrasia alichuchumaa penye kidirisha. Chini gizani aliona weupe wa shuka, na macho mawili.

"Mama Eufrasia," macho yalinong'ona, "ulijua haya?"

"Nilijua yaliyoandikwa, Mheshimiwa. Ya daima umeyasema mwenyewe."

"Sasa niseme nini?"

"Sema utakachokifanya. Ukikataa hiki chumba, sisi watenda kazi lazima tuwe na sehemu ndani ya vila, na sehemu ipo, mume wangu aliijenga. Sema hivyo, kwa maneno uliyoyatumia kwa mama yako ulipokuwa mdogo. Mungu anasikia, na kamera inasikia."

Ndani ya stoo kitu kilikwaruza. Mheshimiwa Ndimbwelu alipiga ukelele mfupi ambao haukuwa wa kiwaziri. Kisha, mbele ya watu wa nyumba kumi na moja, na Mwalimu, na bendi ya polisi, na Waziri wa Madaraja aliyekuja mbio asikose hata neno, sauti ilipanda kutoka kwenye kidirisha, safi, kubwa, bila maneno yoyote ya kiserikali:

"Mimi, Polikarpo Ndimbwelu, naahidi mbele yenu wote: nyumba ya Mama Eufrasia na zile kumi hazitaguswa, ndizo sehemu ya watenda kazi, na kamba zake za nguo zitabaki palepale. Na katika chumba hiki hatafungwa mtu mwingine, mimi ndiye wa kwanza na ndiye wa mwisho. Sasa nifungulieni, jamani, kuna panya humu, naye ananitazama kama mimi ndiye niliyeingia kwake!"